Umekuja Kutufunga au Kutuhesabu?

Swali hilo niliulizwa na maalimu mmoja wa kisiwa cha Pate kabla hata sijavua viatu. Nilikuwa nimeshuka mashua nikiwa na begi begani, kalamu imechomekwa mfukoni mwa shati, na kwa sura hiyo akanidhania mtu wa ofisi. "Karibu mwanangu. Umekuja kutufunga au kutuhesabu?" Nikamjibu kwamba mimi ni mwandishi tu, mtu wa Langoni, Lamu mjini, na bibi yangu mzaa mama alizaliwa Siyu. Hapo akacheka, mkeka ukatandikwa, kahawa ikaja. Nyuma yetu watoto walikuwa wakisoma kwa kelele ile ya chuoni, yaani madrasa, ambayo kila aliyekulia Lamu huisikia hata usingizini. Kuanzia asubuhi ilikuwa Kurani. Ilipofika saa nne ubao ule ule ulifutwa kwa kitambaa, zikaandikwa hesabu za kugawanya, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akaipokea chaki kutoka mkononi mwa maalimu.

Swali lake natembea nalo mpaka leo. Ni maneno manne, na ndani yake mna sera nzima ya Kenya kuhusu shule ambazo serikali haikuzijenga: chuo kilichojiongezea hesabu na Kiingereza, shule ya kanisa kwenye ukumbi wa mabati, shule ya mfadhili wa Kitaliano kule Malindi, darasa la mama mmoja wa mtaa wa Kisumu Ndogo anayelipwa na wazazi kwa siku. Wizara ya Elimu huzijia kwa nadra, na ikija, mara nyingi imebeba kufuli. Mimi nashika upande wa kuhesabu, na naongeza kwamba hesabu isiyoleta hela itajibiwa kwa uongo, na hela isiyoletwa na jicho italiwa. Wengi wetu huitetea nusu moja ya maneno hayo na kuisahau nyingine, kutegemea tumeketi upande gani wa meza.

Tuanze na hela. Mtoto wa shule ya msingi ya umma ametengewa shilingi 1,420 kwa mwaka. Akifika sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, mgao unakuwa shilingi 15,042, na akiingia sekondari ya kutwa ni 22,244. Hizo ni za kwenye waraka. Mwalimu mkuu yeyote atakwambia kwamba hufika vipande vipande, na pengine muhula umeshakwisha. Lakini juu ya mgao huo kuna mwalimu anayelipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na tangu 2018 kuna vitabu ambavyo serikali huvinunua yenyewe na kuvifikisha shuleni. Mwanafunzi wa yule maalimu wa Pate, ambaye baba yake hulipa kodi kwenye kila lita ya petroli ya mashua, ana sifuri katika yote hayo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema kila mtoto wa shule ya umma. Piga hesabu ndogo: chumba chenye watoto 80, kwa mgao wa msingi, ni shilingi 113,600 kwa mwaka mzima. Kuna warsha za siku mbili hotelini zinazokula zaidi ya hapo na hakuna anayekohoa.

Jibu la wizara tunalijua: shule ya umma ipo, wapelekeni. Mara nyingine ni jibu la haki. Chuo kikiwa hatua mia mbili kutoka shule ya msingi yenye madawati matupu, sioni kwa nini kodi ilipie paa mbili. Lakini pengine kati ya mtoto na shule hiyo pana maji, na maji ya kusi havuki mtoto wa miaka 7 kwa dau. Halafu kuna jambo la saa ambalo watu wa Nairobi hawalioni. Shule hutoka alasiri na chuo huanza alasiri. Mzazi anayetaka mwanawe apate dini na dunia humtoa alfajiri na kumpokea magharibi, amechoka kama mchukuzi wa gatini. Shule za mseto, zile zinazofundisha Kurani na mtaala wa serikali chini ya paa moja, kwa sehemu kubwa zilizaliwa na tatizo hilo la saa. Anayeziona kama uasi dhidi ya serikali hajawahi kuwa na mtoto anayesinzia juu ya msahafu.

Wala si jambo geni Pwani. Miaka ya 1980 kule Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianza kuwafunza akina mama wa mitaani kuendesha chekechea zilizofuata mafunzo ya Kiislamu pamoja na michezo na malezi ya kisasa. Mtaa ulitoa chumba, mara nyingi ubavuni mwa msikiti, na mradi ukatoa mafunzo na mtu wa kuja kutazama kazi inavyokwenda. Mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Wataalamu wa nje wameuchambua kwa miaka, huku madiwani wetu wengi wakiwa hawajui kwamba ulianzia kwa jirani.

Wapo wanaosema hela ya umma isikanyage mahali panaposomeshwa dini, kwa kuwa Katiba imekataa dini ya taifa. Hoja hiyo ningeiheshimu zaidi kama nchi hii haijawahi kufanya jambo lenyewe. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa shule za misheni, na kwa ruzuku hiyo ikapata haki ya kuzikagua. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka shule hizo mikononi mwa umma, zikapewa walimu wa serikali, na kanisa likabaki na cheo cha mdhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakihifadhi cheo hicho. Leo kuna shule za umma zenye jina la mtakatifu langoni, kanisa uani na mishahara kutoka TSC, na hakuna anayeona ajabu. Mimi pia sioni ajabu, maana zimesomesha nusu ya watu wanaotuongoza. Nashangaa tu mlango huo ukiitwa wa hatari siku anapoubisha maalimu.

Hapa lazima tukubali na yetu. Wazee wetu waliikwepa misheni kwa kuogopa watoto watabatizwa, na woga wao haukuwa wa ndoto. Lakini waliojitenga na misheni walijitenga na ruzuku pia, na hakuna aliyekwenda kumwambia mkoloni: basi tupe sisi kwa masharti yale yale. Lamu haikukosa mfano wa kwake. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, alianza kusomesha watoto wa watumwa na wa watu wanyonge ambao mabwana wa mji hawakutaka waketi nao mkeka mmoja. Kutokana na kazi hiyo ukasimama msikiti wa Riyadha na chuo chake, kwa sadaka na mikono ya watu. Ilikuwa elimu mbadala kabla neno hilo halijachapwa kwenye waraka wowote, na ilifungulia mlango waliofungiwa. Tulirithi fahari ya Riyadha, na kila mwaka tunaipigia matari, lakini hatukujenga juu yake mazoea ya kudai haki ya mlipa kodi.

Uholanzi waligombana juu ya jambo hili kwa miongo, mpaka mwaka 1917 wakaandika katika katiba yao kwamba shule za dini na za serikali zitapata fedha kwa usawa. Masharti ya ubora ni yale yale na wakaguzi ni wale wale. Sisemi Lamu iwe Amsterdam. Ninachosema ni kwamba fedha kwa shule ya dini na ukaguzi mkali vinaweza kukaa nyumba moja kwa zaidi ya miaka mia bila paa kuanguka.

Sasa niende Malindi, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2017 mhubiri Paul Nthenge Mackenzie alikamatwa mjini Malindi. Alikuwa akihubiri kwamba shule ni kinyume cha Biblia, na watoto walikuwa wametolewa madarasani na kuwekwa kwake. Miongoni mwa yaliyomfikisha mahakamani lilikuwa suala la kufundisha mahali pasiposajiliwa. Yaani miaka 6 kabla ya dunia kulijua jina la Shakahola, serikali ilishamjua mtu huyo kupitia mlango wa elimu. Ilifika kwake na ikafanya inachojua kufanya. Mwezi Aprili 2023 makaburi ya wafuasi wake yakaanza kufukuliwa katika msitu huo wa Shakahola, na miili iliyopatikana ikapita 400. Mwanzoni mwa 2024 watuhumiwa walisomewa katika Mahakama Kuu ya Malindi mashtaka ya mauaji ya watoto 191, wakayakana. Kesi ni ya mahakama na sitaihukumu mimi. Swali langu ni la Jumatatu iliyofuata baada ya kukamatwa kule kwa 2017. Watoto wale waliokuwa hawasomi, nani alipewa kazi ya kwenda kuuliza wameketi wapi? Katika ofisi gani kulikuwa na daftari lenye majina yao?

Asije mtu akasema napendekeza Mackenzie angelipwa mgao. Napendekeza kinyume chake: kwamba mahali ambapo shule nyingi ndogo zimehesabiwa, zinapokea kitu kidogo na zinatembelewa kila muhula, ile moja inayokataa kuhesabiwa hujitokeza peke yake kama mwamba maji yakipwa. Lakini pale ambapo kila mtu amejificha kwa kuogopa kufuli, mwovu hujificha katikati ya wema na hakuna wa kumtofautisha. Maalimu wa Pate na Mackenzie, kwa macho ya serikali isiyohesabu, walikuwa kundi moja: wasiosajiliwa.

Na si Malindi peke yake jicho limefika baada ya matanga. Septemba 2024 watoto 21 waliungua katika bweni la Hillside Endarasha huko Nyeri, na miezi michache baadaye mabweni ya shule za msingi 348 yakaamriwa kufungwa kote nchini. Bweni halichakai kwa usiku mmoja. Hayo 348 yalikuwa yakilaza watoto siku zote hizo.

Kwetu Lamu jicho lina historia nyingine, na bila kuisema historia hiyo hakuna sera itakayoeleweka visiwani. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua zaidi ya watu 60, serikali ilipoanza kuzitazama madrasa ilizitazama kwa miwani ya polisi. Mtu aliyeuliza una wanafunzi wangapi alikuwa na bunduki au alitumwa na mwenye bunduki. Kwa hiyo maalimu akajifunza kwamba orodha ya majina ni hatari, na asiye na orodha hana cha kunyang'anywa. Katika msitu wa Boni mambo yalikuwa mabaya zaidi: walimu waliondoka, na shule za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zikafungwa. Watoto wa Waaweer, wenyeji wa msitu huo, wakapoteza miaka ambayo hakuna mtihani wa marudio unaoweza kuirudisha. Nilijifunza jambo moja hapo. Mwalimu wa TSC, ambaye simlaumu kwa kuipenda roho yake, huondoka risasi zikilia. Anayebaki ni yule ambaye kijiji ni kwao, na huyo hana namba ya TSC, hana mshahara, wala hayumo kwenye mpango wowote wa dharura.

Hata amani ikiwepo, masharti ya kusajiliwa yameandikwa na mtu aliyekuwa akitazama bara. Wizara ilikuwa na sera ya elimu mbadala tangu 2009, na mwaka 2015 ikatoa mwongozo wa kuzisajili shule hizo kwa masharti laini kidogo. Waliofikiriwa zaidi walikuwa watoto wa mitaa ya mabanda mijini, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini njoo Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, ambako uchochoro ni upana wa punda mmoja na mzigo wake, kisha udai uwanja wa michezo. Nyumba ya mawe ya ghorofa mbili iliyosomesha vizazi vitano haiwezi kuota uwanja. Uwanja upo ufukweni, maji yakipwa, na watoto wanaujua vizuri.

Kisha kuna cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2017 wizara ilianza kuhesabu wanafunzi kwa mfumo wa kompyuta wa NEMIS, uliompa kila mtoto namba yake, na ili kuipata namba hiyo shule iliambiwa ilete cheti. Nia ilikuwa safi: kuzuia mtoto mmoja kuhesabiwa shule tatu. Lakini mtoto wa Kiunga au wa Ndau aliyezaliwa mikononi mwa mkunga, ambaye baba yake mwenyewe alihangaishwa miaka kwa sababu ya kitambulisho, hana karatasi hiyo. Hivyo mfumo uliowekwa kumhesabu mtoto ukawa ndio unaomfuta, hata akiwa amekaa dawati la mbele la shule ya umma.

Nimesema hela isiyo na jicho italiwa, na sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali uliotoka 2025 ulitaja shule hewa: hazipo popote duniani, lakini mgao ulizifikia. Hizo zilikuwa kwenye orodha ya shule za umma! Basi anayeniambia madrasa zikiingizwa kwenye mgao zitaleta wizi nitamwomba kwanza anieleze wizi uliopo umeletwa na madrasa ipi. Hata hivyo hofu yake ni ya kweli. Shule inayolipwa kwa idadi ya majina ina sababu ya kuyabakisha majina ya walioondoka. Kule Ohio, Marekani, shule moja ya mtandaoni iliyoitwa Electronic Classroom of Tomorrow ililipwa na umma kwa miaka kulingana na walioandikishwa. Jimbo lilipotaka ushahidi kwamba wanafunzi hao walikuwa wakisoma kweli, likadai kurudishiwa mamilioni ya dola kwa makumi, na Januari 2018 shule ikafungwa katikati ya mwaka. Waliolipia ni watoto, waliobaki kutafuta shule nyingine katikati ya baridi.

Dawa ninayoiamini zaidi imetoka karibu. Miaka ya 1990 Uganda ilifuatilia fedha za shule za msingi zilizotumwa kutoka hazina, na ikagunduliwa kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya kilichotumwa. Serikali ikaanza kuchapa magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kile zilichopokea. Sehemu iliyofika shuleni ikapanda sana katika miaka iliyofuata. Wasomi bado wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti na kiasi gani kilitokana na mengine, na wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi nachukua lile la ukutani. Bandika mlangoni mwa msikiti na mlangoni mwa kanisa: shule hii imesema ina watoto kadhaa, imepokea kadhaa. Pale Siyu au Kizingitini kila mtu anajua mtoto wa nani yuko wapi. Mwongo atadumu mpaka Ijumaa.

Kwa hiyo ningeanza na vitabu kabla ya fedha taslimu. Vitabu tayari vinanunuliwa na kusafirishwa na serikali, na lori linalovishusha gatini Mokowe halitapata hasara likiongeza boksi kwa ajili ya chuo kinachofundisha mtaala. Kitabu cha hesabu hakimfundishi mtu dini wala hakimtoi kwenye dini, na hakinunui mafuta ya gari la mtu. Anayetaka vitabu alete orodha ya watoto, wenye cheti na wasio nacho, na orodha hiyo ndiyo usajili wake wa mwanzo. Wasio na vyeti washughulikiwe wakiwa ndani ya daftari. Akishatembelewa mihula kadhaa na orodha ikaonekana ni ya kweli, ndipo mgao wa 1,420 umfuate mtoto kwa masomo ya mtaala. Mkeka na mshahara wa kusomesha Kurani viendelee kuwa sadaka yetu wenyewe, kama vilivyokuwa.

Na nani atawatembelea? Hapa ndipo sera nyingi nzuri huzama, tena baharini. Mkaguzi aliyepo Lamu mjini akitaka kufika Faza, Kizingitini, Kiwayu na Kiunga anahitaji mashua, petroli, nahodha na siku kadhaa. Ukimpa bajeti ya mkaguzi wa Kiambu, ambaye hupanda matatu asubuhi na jioni yuko kwake, umempa ruhusa ya kukagua kwa simu. Mfuko wa Usawazishaji uliowekwa na kifungu cha 204 cha Katiba ulikusudiwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na Lamu na Kilifi zote mbili zilikuwa katika orodha ya kwanza ya kaunti 14. Lakini Katiba imeutaja kwa maji, barabara, hospitali na umeme. Shule haimo. Kaunti nazo, kwa Jedwali la Nne, zina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Darasa la kwanza likianza, mtoto ni wa Nairobi. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliposimamisha hela za kaunti kwa basari bila makubaliano na serikali kuu, magavana walipiga kelele, na kwa upande wa sheria alikuwa na hoja. Basi makubaliano hayo yaandikwe, na ndani yake iandikwe mashua. Kaunti ina boti na watu wa chekechea wanaozijua bandari zote. Wizara ina mamlaka ya kukagua. Mtu mmoja anaweza kupanda boti ya mwingine.

Naijua kauli ya upande wetu pia, kwamba serikali ikileta kitabu leo, kesho italeta kanuni. Ndiyo, ilete. Mgala muue na haki yake umpe. Mimi nilipigwa chuoni mpaka nikaficha mikono chini ya meza nyumbani ili mama asione, na aliyenipiga alikuwa mtu wa swala tano na moyo mzuri. Nchi hii ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na marufuku hayo hayana sababu ya kuishia mlangoni mwa chuo. Mtoto wa kike anayetolewa kimya kimya akiwa na miaka 15 ni wa kuulizwa habari zake. Na wale wenzetu wanaopokea misaada kutoka Ghuba na kujibu "Mwenyezi Mungu anajua" wakiulizwa hesabu, nawakumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoamrisha deni liandikwe, mbele ya mashahidi.

Wenzangu wa Malindi nao wana la kujibu kuhusu shule za wafadhili. Kuna nyingi nzuri, zenye chakula cha mchana na kisima. Lakini nyingi zimesimama juu ya mtu mmoja aliyekuja likizo miaka 20 iliyopita, akaguswa, akarudi kwao kuchangisha. Akizeeka, au watalii wakipungua, shule nzima hutegemea barua pepe. Wazazi hawajawahi kuona bajeti yake, na afisa wa elimu hajawahi kuiomba. Shule ya namna hiyo ingehesabiwa mapema, ingekuwa na kamati ya wazazi na njia ya kugeuka shule ya umma yenye mdhamini, siku ambayo barua pepe haitajibiwa.

Kabla sijaondoka Pate nilimwomba maalimu anionyeshe daftari lake. Alisita, akaniangalia usoni, kisha akalitoa chini ya mto. Lilikuwa la kurasa za mistari, limefungwa kwa uzi wa nyavu. Kando ya majina yaliyokatwa ameandika kwa herufi za Kiarabu, na kijana wake akanisomea: amehamia Mokowe, ameolewa, kaenda baharini na ami yake. Jina moja halikukatwa, lakini lilikuwa halina alama kwa siku nne. Nikamuuliza.

"Huyo nitamwendea leo baada ya Alasiri," akasema. "Kwao ni hapo nyuma ya minazi."